Daftari la Bibi na Langu

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Manzese. Sie wazima, na mama yako kifua kimepona.

Umeuliza kama bibi aliyenilea alinipenda. Siku zote nilikuwa najibu hapana. Nilipokuwa na miaka kumi na nne alinipa doti yake mpya ya khanga niikate vipande viwili, aivae harusini. Mkasi ukaukosa mpaka, ukapita katikati ya maua. Akasema tu, "Ondoka hapo, we mtoto!" Khanga akaificha, harusini akaenda na kuukuu. Nikamwekea kinyongo miaka hamsini na miwili.

Juzi nimelipata daftari lake la kila siku. Siku ile kaandika: "Khanga nimeificha, wanawake wasije wakamcheka Zuhura. Mkono wake utatulia." Si angenitamkia tu, jamani! Mvua ilikuwa ikinyesha taratibu, nikamwona kabisa kakaa mkekani, anaandika.

Nikafungua langu mie, fundi cherehani. Kurasa mia mbili, zote vipimo vya magauni ya wateja. Wewe humo hata mara moja. Basi leo nimeandika: "Nimemkumbuka Rehema mpaka maharage yameungua."

Bibi yako,
Zuhura