Shuka la Bukavu

Jumatatu, 3 Machi

Biro ya manunuzi tena, ofisi ile ya serikali. Benchi lile lile. Makalio yangu yanajulikana pale kuliko jina langu. Bwana wa manunuzi kapita mara nne, macho kwenye simu. Kinyaa. Mimi niliyeiuzia serikali madawati, mafagio, hata jeneza moja! Kadi yangu inasema Mkurugenzi wa Biashara na Serikali. Kwamba shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, kadi haisemi.

Saa tano kaniita. Ushirika wetu wa bamama washonaji, hapa Kamembe, umepata tenda ya mashuka ya vituo vya afya. Nimeipata mimi. Bamama wanashona tu.

Jumatano, 5 Machi

Wameniimbia. Maman Vero, mkubwa wao, kanikaangia sambaza, vidagaa vya ziwani. Anasema bila tenda hii wangefunga mlango kabla ya Pasaka, warudi kubeba mizigo ya watu mpakani. Mgongo wake hautaki tena. Nimekula zote. Nimejisifu mpaka koo limekauka. Habari ya sampuli sikuigusa.

Ijumaa, 14 Machi

Mashine zinalia kutwa. Kazi safi. Naiandika hapa, maana hapa hakuna wa kunicheka. Ukiomba tenda unaacha sampuli moja. Wanaipiga muhuri, wanaifungia kabatini, na mzigo ukifika wanalinganisha. Shuka la bamama nililiona zito, la kishamba. Mimi muntu wa dunia, nimekaa Bujumbura, Goma, Kampala. Nikavuka mpaka wa Rusizi ya kwanza, nikanunua Bukavu shuka laini, linang'aa kama kravati shingoni mwa bwana harusi. Ndilo nililoliacha biro.

Nani hufungua kabati?

Jumatatu, 24 Machi

Wamefungua kabati.

Kwenye kamati ya kupokea mzigo kuna Masera mmoja, mtawa muuguzi, mikono kama ya fundi wa matofali. Kaona mashuka hayafanani. Kaomba beseni, kafua yote mawili mbele yetu. La Bukavu limetoa maji ya bluu, likasinyaa likawa la mtoto. La bamama limetoka vile lilivyoingia. Nikacheka ndani. Tumeshinda.

Bwana wa manunuzi hakuinua hata kichwa.

"Haya ni bora kuliko sampuli. Lakini si sampuli. Rudisheni."

Nilitaka kutapika kwenye faili zake. Masera kaniuliza sampuli ilishonwa wapi. Nikasema Kamembe. Maman Vero alikuwa pembeni yangu. Anajua mshono wa kila mama wake kama anavyojua kikohozi cha batoto wake. Kalitazama beseni tu.

Jumanne, 25 Machi

Lori limerudisha kila kitu. Marundo mpaka dirishani. Hakuna aliyeimba. Maman Vero kaniuliza neno moja, kwa sauti ya chini:

"Papa Deo, shuka yetu ilikunukia nini?"

Nina mzaha wa mawaziri, wa askari, wa mapadri. Nikainama kupanga marundo. Jana nilimchukia yule bwana. Leo nimejiona kwenye kioo cha pikipiki, nikatema mate.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeandika barua mwenyewe, makosa ya herufi yote yangu. Sampuli niliinunua mimi. Bamama hawakujua. Bwana wa manunuzi kaisoma mara mbili, kisha kwa mara ya kwanza kanitazama usoni. Jina langu wamelifuta, siombi tena tenda ya serikali. Ile kazi niliyojivunia kwenye kila baa ya Kamembe, basi. Tenda itatangazwa upya na bamama wanaruhusiwa kuomba. Kwa shuka lao.

Nilitia sahihi kwa mkono ule ule uliobeba takataka ile kutoka Bukavu. Nimeunawa mara tatu.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Tenda imetangazwa upya. Nimepiga pasi ya makaa sampuli ya bamama, moja tu, polepole. Nimeikunja mara nne. Kweli, shuka hili ni zito.

Maman Vero kaingia nalo biro peke yake. Mimi mwisho wangu getini. Mlinzi, tunayejuana miaka, kanisogezea kiti, nikakataa.

Alipotoka mikono ilikuwa mitupu, shuka limebaki ndani. Nikamfungulia mwavuli, tukateremka.