Kiungo cha Kwao Violet

Kibosho Umbwe,
Moshi.
14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Yuditha,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Fredy alituambia sasa unapanda ngazi bila fimbo, tukamshukuru Mungu. Na baridi ya huko Winnipeg, imeshaanza kukutisha? Huku tu wazima. Ndizi zipo na mfongo unaleta maji shambani kama kawaida. Mimi mwili hauna neno, ila moyo haukai mahali pamoja. Barua hii nimeianza mara tatu nikaiacha.

Baba Mkubwa Wenseslaus amesema wageni wa kulala kwetu na kutembezwa kwenye kahawa wasipopatikana msimu huu, atang'oa kahawa yote ya kihamba chako apande maparachichi. "Wageni wa kwenye simu mimi siwaoni," aliniambia, panga mkononi. Mistari miwili ya juu ameshaing'oa.

Shida ni kwamba tovuti aliyotutengenezea Fredy haionekani. Mtu akitafuta Google matembezi ya kahawa Kibosho, wa kwanza ni Sirili, jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Sisi tuko ukurasa wa sita, ambako hafiki mtu. Fredy akanieleza kuwa Google huiamini zaidi tovuti inayotajwa na tovuti nyingine zenye heshima, zikaweka kiungo cha kubofya kinachompeleka msomaji huko. "Dada, usibahatishe," akasema. "Angalia ni akina nani wanamtaja Sirili, kisha uwaandikie haohao."

Ipo programu ya bure inayoonyesha hayo. Nilikaa nayo wiki nzima. Tovuti themanini zilimtaja, nyingi takataka tupu: orodha za makampuni zisizosomwa na mtu, hata kurasa za kamari. Kuna jamaa alitaka kuniuzia viungo mia tatu vya aina hiyo, Fredy akanikataza, akisema vitatuharibia jina. Nikabakiza zile tu zinazozungumzia kahawa au mlima, zenye wasomaji wanaouliza maswali. Zilibaki tano.

Moja ni ya mwalimu mstaafu wa Uholanzi anayeandika safari zake. Kiungo chake cha kwenda kwa Sirili kilikuwa kimekufa, ukibofya hakifunguki, kwa kuwa Sirili ana anwani mpya. Nilifurahi, Shangazi, sikufichi. Nikamwandikia kwamba kile hakifanyi kazi, na sisi tupo hapahapa Kibosho, aweke chetu. Habari za anwani mpya ya Sirili sikuzigusa. Baada ya siku mbili akabadilisha. Wiki hiyohiyo watu wanne wakaulizia vyumba.

Ndipo nikausoma ukurasa mzima, jambo nililopaswa kuanza nalo. Mwalimu ameandika habari za Violet, binti wa Sirili aliyefariki mwaka juzi: binti huyo alivyomfundisha kuchuma buni nyekundu tu, alivyomcheka mwalimu alipoteleza akatumbukia kwenye mfongo. Mwishoni anasema, ukifika Kibosho, nenda kwao Violet. Na maneno hayo, "kwao Violet", ukiyabofya yalikuwa yanamleta mtu kwetu.

Chakula kilinishinda. Nilizunguka kihambani mchana kutwa, nikishika hiki naacha, nikishika kile naacha.

Jumapili baada ya misa nilimfuata Sirili kwake nikamweleza yote. Akauliza, "Kuna mtu ameandika habari za Violet?"

Hakuwa akijua. Tovuti ya zamani aliiendesha Violet, na nywila alikwenda nayo. Nikamsomea kwenye simu, nikitafsiri.

"Rudia hapo pa mfongo," akasema.

Nikarudia. Mama Violet akatoka jikoni, mikono ina unga, nikarudia tena.

"Na wale watu wanne?" Sirili aliniuliza mwishowe.

"Ni wageni wako, baba."

Nilimwandikia mwalimu nikiwa nimekaa palepale kwao. Nikakiri, nikampa anwani sahihi. Amerekebisha, lakini mimi hajanijibu neno.

Zile tovuti nne zilizobaki nimeziandikia pia, safari hii baada ya kusoma kila mstari. Moja imejibu kwamba itatufikiria. Kila dakika natazama simu.

Jana Sirili alivuka mto kwa miguu na wawili kati ya wale wageni. Ana chumba kimoja tu cha kulaza watu, akasema hawa walale kwenye nyumba yako. Baba Mkubwa alisimama akiwatazama wakichuma buni moja moja, polepole mno. Mara akaenda, akamshika mkono mmoja wa wageni, mama mmoja, akamwonyesha namna ya kukunja kidole ili asivunje tawi. Hakusema kama amebadili nia, nami niliogopa kuuliza. Mpigie, Shangazi. Kaka yako hasikii la mtu ila lako.

Wasalimie Given na Eliza. Zita anakuamkia. Mungu alishike goti lako, na akurudishe uione kahawa yako ikiwa bado imesimama.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Odilia