Rede Kwenye Meza ya Vinyago

Jumatatu, 3 Machi

Mpira bado unapenya mwilini. Msichana akwepe, asikwepe, hafi. Nimeshinda na kosa hili tangu nitoke kazini. Zuhura, mwenzangu anayechora, ameleta picha mpya: uwanja wa vumbi, kamba za kuanikia, chupa katikati. Anachora vizuri hadi inakera. Gemu yetu ni ya rede. Wawili wanarusha mpira, wa kati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Sijui msichana wa Temeke ambaye hakuicheza. Tamasha la gemu ni Jumamosi. Naitaka tuzo ya Gemu Bora. Naandika wazi kwa sababu hapa hasomi mtu.

Jumatano, 5 Machi

Waandaaji wamepiga simu. Gemu Bora ni kwa gemu kubwa tu, za makampuni ya nje. Yetu wameiweka Kazi za Mikono. Meza moja na wachonga vinyago wa Mwenge! Eti kwa sababu tumeitengeneza wenyewe nyumbani. Kwani hizo nyingine zimeota shambani? Nimekata simu. Nimelia chooni kazini, kwa hasira, si kwa huzuni.

Alhamisi, 6 Machi

Mbagala, kwa kaka yangu Salum mwenye banda la gemu. Aliniahidi kuiweka rede kwenye mashine yake moja. Leo kageuka.

"Sista, watu wanakuja kupiga mpira na kuendesha magari. Hii ya mchanga nani ataicheza?"

Banda limejaa, macho yote kwenye mpira wa Ulaya. Nyasi zinaonekana jani moja moja. Gemu nzuri, sikatai, nimezicheza mpaka vidole vikauma. Lakini jani halijawahi kunitia hofu. Rede inanitia: chupa inakaribia kujaa, mpira uko nyuma yako. Sidai wazishushe zile. Nadai tupimwe pamoja, tushindwe kihalali. Nimemwambia Salum hana maana. Akaongeza sauti ya runinga.

Jumamosi, 8 Machi

Meza ya kona, kati ya twiga wa mpingo na vikapu vya ukili. Asubuhi nzima hakusimama mtu. Kisha jaji mmoja, mama mtu mzima, akashika pedi ya kuchezea. Akafa. Akavua viatu, akaanza upya.

"Gemu yenu inadhulumu! Sie kwetu Tandika chupa ikianguka unaendelea ulipoishia!"

Wanawake wakajaa, kila mmoja na sheria za mtaa wake, wakazozana kama wana miaka tisa. Niliwapenda wote. Jioni mama yuleyule akapanda jukwaani, akatutangaza washindi. Wa Kazi za Mikono. Zuhura alishainuka. Nikamtangulia, nikachukua kipaza sauti, nikasema hii ni gemu, tuzo yenu hatuitaki. Watu wakapiga makofi. Zuhura hakupiga.

Jumapili, 9 Machi

Ujumbe wa Zuhura asubuhi: "Umekataa na yangu. Mie hukuniuliza."

Nikapandwa na hasira. Nikaandika jibu refu, sikulituma. Mchana nimefungua gemu nirekebishe ile chupa. Skrini ya kwanza inasema: Imetengenezwa na Asia. Jina langu basi, hakuna mwingine. Imekaa hivyo tangu tuanze, na herufi hizo kazichora yeye.

Nimempigia. Hajapokea. Nimeandika jina lake juu ya langu. Limekaa upande, herufi mbaya, maana mchoraji sina.