Skii za Kaka Tiho

Mrkopalj, 9 Februari

Kaka yangu mpendwa Tiho,

Pokea salamu zangu, uzigawe hapo nyumbani kwako: kwa wifi Orla, na kwa mwanenu Nika, ambaye picha yake ya pengo la meno nimeibandika ukutani jikoni. Natumaini nyote ni wazima na mvua za Galway hazijawachosha. Sisi huku tupo. Theluji imefika magotini, jirani yetu Zorka ametuletea kabichi chachu pamoja na umbea wake, na mbwa wa padri amezaa tena. Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Kwenye simu, nikimtaja Baba tu, wewe hunipa habari za hali ya hewa.

Kwanza habari zangu mwenyewe. Nimeacha mashindano ya kuteremka mlimani kwa skii. Nilianguka Slovenia mwezi uliopita, kwenye mlingoti wa sita kati ya ile tunayoizunguka tukiteremka. Halikuwa anguko la kutisha, ulishaniona nikianguka vibaya zaidi. Goti la kushoto liligeuka tu, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma, nami nikajua kabla sijatulia kwenye theluji. Daktari wa Rijeka, yule yule aliyenipasua mara mbili za kwanza, aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akasema hapana tena pa kushonea. Akaniambia, “Binti, kano nimezitoa paja la kulia, nikazitoa la kushoto. Sasa nizitoe wapi, kwa fundi viatu?” Nilicheka, halafu nikalia, naye akatoka nje akaniacha.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na tisa, mara ya pili ishirini na tatu, na katikati yake ukaja ule mfupa wa muundi uliovunjika Austria. Kila mara nilirudi mlimani kabla ya siku niliyoruhusiwa. Magazeti yakaandika kwamba nina moyo wa chuma, hata mwaka ule niliposhika nafasi ya tano Zorka akakata ukurasa akaubandika dukani kwake, juu ya soseji. Baba hakuwahi kusoma hata mstari mmoja. Kila niliporudi na magongo alinipikia palenta, ugali wetu wa mahindi, akanisogezea kiti karibu na jiko, akaniuliza neno lile lile: “Mirta, bado hujatosheka?” Nilidhani anauliza habari za medali.

Sasa Baba. Tiho, tafadhali usiruke aya hii. Ile miaka thelathini ya vumbi la kiwanda cha mbao imemrudia. Anapumua kwa mashine iliyo kando ya kitanda, na akitaka kwenda dirishani lazima apumzike mara mbili njiani. Daktari hakunificha, amesema hatafika Pasaka. Akiwa macho hakutaji, wewe wamjua. Lakini akisinzia mchana hukuita kwa jina. Zorka alimsikia akaniambia, “Mzee anamwita mtu aliye Ireland kana kwamba yuko ghalani anapasua kuni.”

Wewe unakumbuka Jumapili ile kuliko mimi. Ulikuwa na miaka kumi na saba, na makocha wa timu ya taifa walikuwa wamekuja kukutazama wewe. Kwenye mlingoti wa nne skii yako ya kulia ilichomoka mguuni, ukaingia kwenye misonobari, na paja likavunjika mara mbili. Kila mtu alijua kwamba vile vibanio vinavyoshika kiatu kwenye skii Baba alivikaza kwa mkono wake mwenyewe, hakumruhusu mwingine. Walipomuuliza alijibu, “Ni mimi. Nilikaza vibaya.” Nawe kitandani hospitalini ukamwambia amekulemaza, na kuanzia siku hiyo ahesabu kwamba hana mwana. Miaka kumi na saba imepita, na neno lako umelishika.

Tiho, Baba hakukaza vibaya. Ni mimi niliyevilegeza.

Jumamosi ile mlipokwenda Delnice kuchukua namba yako ya mashindano, nilizitoa skii zako bandani. Nilitaka kujua tu wewe unasikia nini ukiwa juu yake. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mwepesi kama kuku, na nilijua vibanio vilivyokazwa kwa uzito wako visingeniachia mguu nikianguka. Nikachukua bisibisi nikavilegeza hadi namba ya uzito wangu. Niliteremka mara tatu. Niliposikia gari lenu nilizifuta, nikazitundika, nikakimbilia ndani.

Natamani ningekuandikia kwamba nilisahau kabisa kuvikaza tena. Sikusahau. Nilikumbuka mezani, wewe ukinicheka kwa sababu mashavu yangu yalikuwa mekundu. Nikaogopa Baba atanigombeza kwa kugusa vitu vyako, nikajiambia atavikagua asubuhi. Hakuvikagua, kwa kuwa alikwisha kuvikaza Jumamosi hiyo kabla hamjaondoka. Kesho yake nilisimama chini ya mlima, nikakuona ukija, na sikupiga kelele.

Ndiyo maana kila nilipoumia nilipata nafuu fulani ya ajabu, na kila nilipopona ikanitoka, nikarudi tena juu. Moyo wa chuma sina.

Wiki iliyopita nilimweleza Baba yote. Kisha akasema alijua tangu siku ile ile, alipoziokota skii kwenye misonobari na kuisoma namba ya vibanio. “Ilikuwa yako, Mirta. Mimi ndiye niliyekufundisha.” Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, “Mmoja alikwisha kuvunjika. Niwavunje wawili?” Halafu akanikataza kukuandikia, akasema, “Utabaki huna kaka.” Nikamwambia yeye ameweza kukaa miaka yote hii bila mwana, basi mimi nitajifunza.

Sikuombi msamaha ndani ya bahasha. Nakuomba upande ndege. Ukija, nitahamia kwa Zorka, usipate taabu ya kuniona, na ufunguo nitauacha kwake. Na kama kuja huwezi, piga simu ya nyumbani asubuhi, wakati huo pumzi yake ni ndefu kidogo. Nitaiweka sikioni mwake, kisha nitatoka nje na kufunga mlango.

Mfikishie wifi Orla heshima zangu, na umbusu Nika. Umwambie babu yake ameitazama picha ile ya jikoni, akasema ana kidevu chako.

Ni mimi,
Mirta