Mkwe Akiendesha, Mama Haoni Njia

Jumapili jioni, katikati ya Juni. Upepo wa ziwa umevuma tangu asubuhi. Mapazia hayatulii, na mimi situlii.

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Nimefuta meza isiyo na uchafu. Ramani kwenye simu naifungua na kuifunga, kana kwamba barabara ya Lamadi huenda imehama tangu mchana. Haijahama. Inatoka Mwanza mjini, inapita Igoma na Kisesa, inavuka mto Simiyu, inafika Magu, inaendelea na ziwa likiwa linachungulia kwa mbali, mpaka Lamadi. Mbele kidogo ya hapo kuna lango la Ndabaka, na ukishaingia hapo uko Serengeti. Kwa mtu mwenye akili zake ni mwendo wa saa mbili na ushee.

Mimi kwa sasa akili zangu sizijui ziko wapi.

Safari yenyewe ni ya mama. Amekuja kutoka Shirati kutibiwa macho, na daktari amesema ni presha ya macho. Jicho moja limeshazima. La pili linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: anauona uso wako lakini haoni mabega yako. Dawa ya matone italinda kilichobaki, kwa muda ambao hakuna anayeujua. Kilichopotea hakirudi. Daktari alilisema hilo taratibu, mama akamshukuru kama mtu aliyepewa zawadi, na mimi nikatoka nje kujifanya napiga simu.

Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi tukisubiri dawa, nilimuuliza kama kuna kitu angependa kukiona. Swali la kijinga, lilinitoka tu. Nilidhani atasema wajukuu, au kaburi la baba. Akasema, "Ile barabara."

Mama alikuwa mfanyabiashara wa vitenge. Miaka na miaka alikuja Mwanza kununua mzigo na kurudi nao Shirati kwa basi. Ametulea kwa barabara hiyo. Akaniambia ameipita maisha yake yote na hajawahi kusimama anapotaka yeye, maana basi husimama linapotaka basi. Kuna mawe fulani kabla ya Magu huwa anayaangalia. Kuna mahali ziwa linatokea ghafla. Na kila akipita lango la Ndabaka hujiuliza huko ndani kuna nini, mpaka wazungu watoke kwao kuja kukitazama.

Basi nikasema tutaenda. Tutakwenda na gari letu, tusimame atakapo, tukifika Lamadi tukodi gari la watalii na dereva wake atuingize mbugani. Jumamosi hii, maana nyumbu huwa upande huu wa magharibi kipindi hiki, na kazini nitaomba ruhusa. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyepanga. Sikuwa nimepanga chochote.

Sikufikiria mkwe.

Kwa asiyejua: sisi ni Wajaluo, na kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawali meza moja. Mama halali nyumbani kwangu hapa Pasiansi. Analala Nyakato kwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, na hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa ajabu. Mume wangu, baba Neema, ni Msukuma wa Magu, na kwao pia mkwe ni mkwe. Kwa hiyo sijawahi kupata mtu wa kunisaidia kubishana. Akimsalimu mama anasimama mbali, macho chini, "Shikamoo mama." Naye anaitikia "Marahaba, baba," akiwa ameangalia ukuta. Miaka kumi na sita ya ndoa, nina hakika wakikutana sokoni hawatatambuana.

Na gari letu ni dogo. Ukikohoa nyuma, wa mbele anajipangusa.

Leo baada ya ibada tukafanya jaribio, Nyakato mpaka Kisesa na kurudi. Nilikuwa nimepanga viti kama mtu anayepanga wageni wa harusi. Baba Neema anaendesha, mama anakaa nyuma yake kabisa ili wasionane, mimi nakaa nyuma na mama, kiti cha mbele kinabaki na kikapu. Nikajisifu moyoni.

Nilisahau kioo.

Kile kioo cha ndani, cha dereva kuona nyuma, kilikuwa kinamwonyesha mama kuanzia paji la uso mpaka kidevu. Baba Neema alipoinua macho mara moja tu akakutana na mama mkwe wake ana kwa ana. Alishtuka kama aliyeshika waya wa umeme. Akakigeuza kioo kikatazama dari, na kuanzia hapo akaendesha kwa kuomba Mungu. Pale Igoma bodaboda alikuwa nyuma yetu, sisi hatujui, tukahamia upande wake na akatutukana matusi ambayo sikutaka mama ayasikie siku ya Bwana.

Mama naye alikuwa ameshusha kitenge kikafunika kichwa na nusu ya uso, ameinama, anaangalia magoti yake. Njia nzima. Nikamwambia, mama, tazama ng'ombe wale. Akasema "mm." Nikamwambia, mama, yale mawe. "Mm." Heshima ilijaa gari zima, hata hewa ya kupumua ikawa ya shida.

Tulipofika Kisesa baba Neema alishuka, akaenda kusimama mbali kununua maji. Nikamuuliza mama ameona nini.

"Nimeona kapeti la gari," akasema. "Mnalisafisha vizuri."

Hakuwa anatania. Hata kulalamika hakulalamika. Alikuwa ananiambia alichokiona.

Kilichobaki cha macho ya mama ni kidogo namna ile, na mimi nataka kumpeleka safari ya kwenda kutazama kapeti. Atasafiri mpaka Serengeti ameinama, simba atapita ubavuni mwa gari, na mama atakuwa anamheshimu mkwe wake.

Na najua wapo watakaosoma hapa waseme hizo mila zimepitwa na wakati, mwambie mama ainue kichwa. Jamani, mwambieni ninyi. Mama ana miaka sabini na kitu, na siku atakayomtazama mkwe wake usoni itakuwa siku aliyoacha kuwa mama yangu. Sitaki hivyo. Nataka awe mama yangu na aone njia, vyote viwili.

Tulipokwisha kumshusha mama Nyakato na kufika nyumbani, baba Neema alizima gari, hakushuka. Yeye si mtu wa maneno mengi. Akasema, "Mimi nikiwemo, mama haoni kitu. Mpeleke wewe." Akaniwekea funguo mapajani.

Nilikasirika. Nilikasirika kweli, kwa sababu alikuwa amesema nilichokuwa nimeshakifikiria tangu Kisesa na kukikimbia.

Leseni ninayo. Naendesha mpaka kiwandani ninakokagua samaki, naendesha mpaka sokoni, mpaka kanisani. Igoma ndio mwisho wangu wa dunia. Sijawahi kwenda zaidi ya hapo nikiwa nimeshika usukani mimi, kwa sababu zaidi ya hapo kuna malori, na nyuma ya lori unatakiwa kuovateki, na kuovateki ni kutoka upande wako salama ukaingia upande wa watu wanaokuja kukuua, kwa hiari yako. Wenzangu wanafanya huku wanatafuna karanga. Mimi hufuata lori kwa mwendo wa lori mpaka lifike linakokwenda. Siku moja nilijikuta kwenye ghala la saruji.

Kwa hiyo mchana wote nimetafuta mlango mwingine wa kutokea. Basi? Ndilo lile lile lisilosimama. Dereva wa kukodi kutoka hapa mjini? Namjua mama, mtu asiyemfahamu hatamwambia "simama hapa" hata kama anazimia. Atasema twende tu, tusimchoshe kijana wa watu. Kusubiri Neema afunge shule, labda mambo yatabadilika? Yatabadilika nini, mila au macho? Hapo ndipo nilipoinuka kufuta meza.

Nikampigia mama. Nilitaka, nakiri, aniokoe. Nilitegemea aseme, nyathina, mwanangu, wewe barabara ile utaiweza wapi, tuache tu. Ningebisha kidogo kwa adabu, kisha ningekubali.

Nikamwambia kwamba baba Neema hatakwenda. Nikamwambia nitaendesha mimi.

"Wewe?"

"Mimi, mama."

Nikamsikia dada yangu anaosha vyombo huko nyuma. Kisha mama akasema, "Basi nitakaa mbele."

Alisema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu alipofika, sauti ile ya mwenye mzigo wake anayemwelekeza kondakta pa kuuweka. Akaendelea, hakunipa nafasi. Tuondoke asubuhi kabla jua halijawa kali, jua linamsumbua. Tubebe viazi vya kuchemsha. Nisikimbize gari, hana haraka ya kwenda popote. Na atakuwa ananiambia pa kusimama.

Nimekata simu nikakaa chini kabisa, sakafuni, mgongo kwenye kabati.

Nimekuwa nikiwaza viti tangu asubuhi, siwezi kuacha. Dereva kulia, mama kushoto. Kwenda, ziwa litakuwa upande wa kushoto. Na jicho la mama linaloona bado ni hilo la kushoto. Mawe yake, maji yake, vyote vitakuwa upande wake. Mimi nitakuwa upande wa jicho lililozima. Hataiona mikono yangu itakavyokuwa ikitetemeka kwenye usukani nyuma ya lori la kwanza.

Nimejaribu kulifurahia hilo. Nimeishia kulia.

Kesho asubuhi sipiti njia ya ndani niliyoizoea kwenda kazini. Nitatoka mapema, nishike barabara ya Musoma, hiyo hiyo ya Lamadi, nivuke Igoma peke yangu, nitafute lori la kuovateki.