Mate ya Baba

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Ihanda hatujambo, kahawa imeanza kuiva, na mama yako anakuombea kila siku. Ila barua yako imenikasirisha. Umepigwa mionzi shingoni, kinywa kimekukauka, halafu mama mkwe wako anasema unadharau ugali wake kwa sababu kila tonge unalisukuma kwa maji?

Nami niliwahi kuwa mjinga kama yeye. Wakati wa Mwingereza, baba yangu alipigwa mionzi hospitali ya ng'ambo ya mpaka, kwa uvimbe wa taya. Uvimbe ukaisha. Siku ya harusi yangu alitakiwa anitemee mate viganjani, ndiyo baraka ya kwetu. Alijaribu mara tatu, hakikutoka kitu. Shangazi akasema, "Amekunyima." Nikaenda Itaka kwa mume wangu bila kumuaga baba.

Hakuna daktari aliyemwambia kwamba mionzi inayoua uvimbe huunguza pia tezi za mate zilizo jirani. Hilo linaniudhi mpaka leo. Tezi zilizonusurika hurudisha nguvu polepole, kwa miezi mingi, na pengine si zote.

Mwaka ulipokaribia kwisha, baba akaja Itaka kwa miguu, ameshika kibuyu cha maji. Hakusalimia. Akasema, "Lete mikono." Yalikuwa mate machache, mazito. Nikayapaka usoni nikilia.

Kunywa maji yako, na daktari umuulize kila kitu. Barua hii msomee mama mkwe wako kwa sauti. Mwambie baba hakuninyima kitu. Mimi ndiye niliyemnyima salamu mwaka mzima.

Bibi yako