Koti la Mlinzi wa Mto

Kamau mdogo wangu,

Hujambo? Mimi ni mzima, ila joto la Dubai linachemsha hata maji ya bomba, na leo wewe umenichemsha zaidi.

Sir, mwenye hoteli ninakopika, amerudi kutoka likizo huko kwetu na samaki aina ya trauti kwenye barafu. "Yalla, haraka, kaanga!" akaniamuru. Nikapasua tumbo la kwanza, mayai yakanimwagikia mkononi. La pili, mayai. Kamau, si nilikufundisha mwenyewe? Msimu wa mayai, anayevua kwa starehe huchukua samaki mmoja tu, na jike hurudishwa mtoni!

Nikamuuliza nani alimruhusu. Akacheka, akanionyesha picha kwenye simu. Ni wewe, mlinzi wa mto, umeinua mtungo mzima wa samaki, meno yote nje, umevaa koti la mvua nililokuachia pamoja na kazi.

Ulimwogopa? Mimi niliwanyang'anya samaki mabwana wakubwa kuliko huyu, wakanuna, wakaenda zao.

Msalimie mama. Nakupenda, lakini hilo koti livue leo, umpe dada yetu Nyambura. Yeye hata mgeni akimchekea, huhesabu samaki kwanza.

Kaka yako,
Mwangi